Sindano na Uzi: Majibu kwa Wasomaji Wanaopamba Nguo Kuukuu

Barua za msimu huu zimefuata baridi. Tangu Juni, umande wa Kitulo ulipoanza kuganda alfajiri na watu wa Njombe na Makete walipotoa masweta sandukuni, wengi wameniandikia kuhusu nguo ambazo bado zina nguvu lakini hazina tena sura ya kuvaliwa mbele za watu. Nimechagua barua nne. Zote zinahusu kupamba kwa sindano ya mkono, bila cherehani, kwa vipande ambavyo fundi huvifagia jioni chini ya meza yake.

*Shikamoo Mama. Nilinunua mnadani sweta la sufu la kijivu lenye matundu mawili madogo karibu na bega la kushoto. Nikatengeneza ua kubwa la kitenge chekundu, nikalishonea juu ya matundu. Lilipendeza kwa siku mbili. Baada ya kufuliwa, wekundu umesambaa kifuani, ua limelala kama sikio la mbuzi, na tundu moja limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Kitenge nilikuwa nimekiloweka katika maji ya chumvi, kama nilivyoambiwa. Nimekosea wapi? Msomaji, Makambako.*

Marahaba mwanangu. Tuanze na tundu, kwa sababu ndilo lililokushinda. Kitenge kimefumwa kwa nyuzi zinazopishana, lakini sweta limefumwa kwa vitanzi, kila kitanzi kikimshika mwenzake. Kimoja kikikatika, kinachofuata hubaki bila mshikaji, nacho kikaachia, hadi tundu la punje ya mtama likawa na upana wa sarafu ya shilingi mia. Ulipolifunika bila kwanza kulishika, uliliacha liendelee kufumuka chini ya ua, huku uzito wa ua lililolowa maji ukilivuta.

Kwa hiyo ziba kwanza, upambe baadaye. Tafuta uzi wa sufu wa rangi inayokaribiana, hata kama ni wa kuchomolewa katika sweta jingine lisilofaa tena, upitishe katika kila kitanzi kilicho wazi kuzunguka tundu, kisha tandaza nyuzi za wima na kuzipisha na za mlalo kama anayesuka mkeka. Usivute uzi. Tundu linatakiwa lijae, na ukilikunja litaacha kovu ambalo hata ua halitalificha. Ujue pia kwamba anayetoboa sufu si nondo anayeruka, bali viwavi wake, na mayai yanaweza kuwa bado yamo. Lianike sweta juani na kulikung'uta vizuri, mishono yake yote, kabla ya kulirudisha sandukuni pamoja na mengine.

Kuhusu chumvi, nakuomba uiache jikoni. Ushauri huo umezagaa mno, nami husikitika kila ninapouona ukirudi katika barua, kwa kuwa umeharibu nguo nyingi nzuri. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati rangi inapoingia katika uzi wa pamba. Haina uwezo wa kufunga rangi iliyozidi katika kitambaa ambacho kimeshauzwa. Kinachofaa ni kufua kipande cha kitenge peke yake, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara nyingi kadiri itakavyohitajika, mpaka maji ya kusuuzia yabaki meupe. Kisha kilaze kikiwa kimelowa juu ya kitambaa cheupe cha pamba na ukipige pasi. Cheupe kikitoka na alama, kitenge hicho hakifai kwa sweta la kijivu, hata kiwe kizuri namna gani. Kufua huko kuna faida nyingine mbili: dondo linalokakamaza kitenge kipya hutoka, nawe ukaona ulaini wake wa kweli, na pamba, ambayo husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza, husinyaa kabla hujaikata badala ya kusinyaa ikiwa juu ya nguo.

Wekundu ulio kifuani sasa usiupige pasi. Loweka sweta katika maji baridi yenye sabuni ya maji kidogo na ubadilishe maji kila yanapogeuka rangi. Maji ya moto hulisinyaza sufu likawa gumu, na dawa ya kung'arisha yenye klorini huila kabisa, kwa hiyo viepuke vyote viwili. Alama itakayobaki itakuonyesha mahali pa kuweka maua mapya.

Nimesema maua, kwa sababu ningependa uweke matatu madogo badala ya moja kubwa. Kata duara la kitenge lenye upana wa sentimita 12. Kifuniko cha chupa ya chai au bakuli dogo kitakupa kipimo. Kunja ukingo kwa nusu sentimita kuelekea upande wa nyuma huku ukiupigia bandi, yaani mshono wa sindano kuingia na kutoka tu, ukizunguka duara lote, kisha vuta uzi polepole hadi ukingo ukusanyike katikati kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Libonyeze liwe bapa na ufunge uzi kwa nyuma. Utapata ua lenye marinda, lenye upana usiofikia kabisa nusu ya duara lako, yaani kama sentimita 5 na nusu. Wanaoanza hudhani kwamba bandi ndogo ndogo zitaleta kazi safi zaidi, lakini hapa ni kinyume: bandi fupi huzaa marinda mengi membamba yanayosongamana na kuacha tundu kubwa katikati, ilhali bandi ndefu kidogo, za karibu sentimita moja, hufunga vizuri. Uingereza na Marekani watu walishona mamia ya maua ya namna hii na kuyaunganisha yakawa matandiko ya kitanda, hasa Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu yalitumia vipande visivyotosha kufanyia kitu kingine.

Ua la kwanza liweke juu kabisa, kwenye mshono wa bega, kwa kuwa mshono ndio wenye nguvu za kubeba. La pili na la tatu yateremke kufuata matundu uliyoziba. Ndani ya sweta, nyuma ya kila ua, weka kipande cha fulana kuukuu kilicho kipana kuliko ua, ambacho kitanyumbuka pamoja na sweta, na sindano ipite katika vyote vitatu. Usilizungushie ua mshono mfululizo, kwa maana uzi usionyumbuka utalibana sweta likaunda mkunjo. Shika sehemu tano au sita tu chini ya marinda. Na sweta hilo ulikaushe likiwa limelazwa juu ya taulo, si likining'inia kambani.

*Nina vifungo vikubwa nilivyovifunika kwa vipande vya kitenge. Ninataka kuvishonea vinane kwenye sweta la mjukuu wangu wa miezi 7. Nitumie uzi gani? Msomaji, Iringa mjini.*

Mama mwenzangu, nakuomba usivishone. Mtoto wa umri huo hutia mdomoni kila anachokifikia, na hakuna uzi ninaoweza kukuhakikishia kwamba hautakatika. Kata maua bapa ya kitambaa laini, uyalaze juu ya sweta na kuyashonea ukingoni pande zote, hata kidole chake kisipate pa kuingilia. Vifungo vyako vitalipendeza koti lako mwenyewe.

*Shikamoo Mama. Jaketi langu la dengrizi limetoboka viwiko vyote viwili. Nimeokota vipande kwa mafundi wa Mwanjelwa, lakini sitaki kiraka kinachoonyesha kwamba nimekosa jaketi jingine. Je, kuna namna? Kijana wa Mbeya.*

Marahaba kijana wangu. Namna ipo, nayo ni kuacha kukificha kiraka. Kiraka kinachojaribu kufanana na nguo na kushindwa ndicho kinachomtia mtu aibu. Kilichoshonwa kwa makusudi, kwa rangi iliyochaguliwa na mistari iliyonyooka, humfanya mtu aulize kimeshonwa wapi.

Kata kipande kinachozidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, kilaze ndani ya mkono wa jaketi, ukishike kwa pini. Ingiza gazeti lililokunjwa au ubao mwembamba ndani ya mkono, vinginevyo utashona pande mbili pamoja, jambo linalompata kila mtu mara moja. Kisha, kwa uzi mnene mweupe au wa rangi ya haradali, piga bandi za mistari sambamba kupitia tabaka zote mbili, kutoka ukingo hadi ukingo, nafasi ya nusu sentimita kati ya mstari na mstari, hata eneo lote la kiwiko lifunikwe. Japani kazi hii inaitwa sashiko, na ilianzia katika nyumba za wakulima na wavuvi waliounganisha vitambaa vilivyochakaa, vingi vikiwa vya rangi ya nili, ili vipate unene wa kuzuia baridi. Uzuri wake ulitoka katika kazi hiyo hiyo ya kuimarisha, nami ndiyo sababu ninaipenda kuliko mapambo yanayobandikwa juu tu.

Kipimo cha uzi ni dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mrefu zaidi ya hapo hujisokota na kupoteza nguvu kwa kupitapita katika kitambaa kigumu. Uvute mara mbili juu ya donge la nta ya nyuki, nta ambayo warina asali wa kwetu wanayo, nao utateleza bila kufunga mafundo. Vaa subana kwenye kidole cha kati, kwa sababu dengrizi haina huruma. Mwishoni mwa kila mstari acha kitanzi kidogo cha uzi kabla ya kugeuka, kwani mkono ukikunjwa kitambaa huhitaji nafasi ya kutanuka. Viwiko viwili vitakuchukua jioni tatu au nne.

*Shikamoo Mama. Marehemu mama yangu aliniachia doti moja ya khanga za Urafiki, alizozivaa kwa miaka mingi. Moja imechakaa sana, nyingine bado nzima. Nina gauni jeusi la kanisani lililopauka, na ningependa kulipamba kwa ile iliyochakaa, ila kila nikishika mkasi mkono unaniishia nguvu. Msomaji, Tukuyu.*

Marahaba mwanangu, na pole. Sitakuharakisha. Ile nzima usiiguse kamwe. Ifue, ikauke kabisa, maana mvua za Rungwe hazimwachii mtu nguo kavu kwa urahisi, kisha uihifadhi ikiwa imefungwa katika shuka la pamba, si katika mfuko wa nailoni unaozuia unyevu kutoka.

Ile iliyochakaa inyanyue mbele ya dirisha asubuhi. Palipo na mwanga mwingi unaopenya, uzi umechoka na hautavumilia sindano; mara nyingi ni katikati ya mji, yaani sehemu ya kati ya khanga iliyozungukwa na pindo, mahali mama alipokalia na alipofungia mtoto mgongoni. Pindo kwa kawaida hudumu zaidi. Khanga za kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, zilikuwa za pamba, kwa hiyo unaweza kuzipiga pasi ya moto bila wasiwasi, na zilizofuliwa kwa miaka hiyo yote zimekwisha kutoa rangi ya kutoa. Hata hivyo jaribu kwanza kwa kitambaa cheupe, kama nilivyomweleza dada wa Makambako.

Kabla ya kukata, chora katika karatasi. Kata umbo lako la karatasi, tuseme ua moja la pindo au korosho moja ya mji, uliweke juu ya khanga na kulihamisha hamisha mpaka uridhike. Mkono utapata nguvu pale jicho litakapokuwa limeshaamua. Nyuma ya khanga dhaifu, piga bandi kipande cha pamba nyembamba nyeupe, ili sindano ishike viwili. Kata ukiacha nusu sentimita nje ya mchoro, na penye kona ya ndani ukate vijipasuo vidogo visivyoufikia mstari. Laza pambo juu ya gauni, kunja ukingo kwa ncha ya sindano sentimita moja moja unapoendelea, na ushone kwa mshono wa kujificha: sindano itoke katika mkunjo wenyewe, iingie katika gauni hapo hapo ilipotokea, isonge milimita 3 chini ya kitambaa, itoke tena katika mkunjo. Mwisho uzi hauonekani.

Mapambo yaweke kwenye pindo la chini na kwenye mikono. Katika gauni jeusi lililopauka, kuyatapanya mwili mzima huonyesha mpauko zaidi, ilhali rangi iliyokusanywa chini huufanya weusi uliobaki uonekane ni wa makusudi. Ningekushauri usikate mshazari wala kutengeneza maua ya marinda hapa. Khanga hiyo ina sura yake, na ukiikunja kunja hutaitambua tena.

Limebaki jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya khanga. Usiyakate katikati, wala usiyashonee nje kama pambo. Yakate kama ukanda mzima pamoja na nafasi inayoyazunguka, uukunje kingo, na kuushonea ndani ya gauni, kiunoni kwa nyuma, kwa mshono ule ule wa kujificha. Wewe utajua yapo, nayo yatakugusa mgongoni kila utakapolivaa.