Barua za Wasomaji: Mshahara wa Ulaya, Pampu ya Kigombe

Barua za toleo hili zimetoka Tanga na Bagamoyo. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wake, si kwa zamu.

*Mwanangu ni mhasibu Uingereza. Ananiambia yeye na wenzake kazini wameamua kutoa asilimia 10 ya mshahara kwa maskini wa dunia, watu wasiowajua hata sura. Huku paa la jikoni linavuja na wadogo zake wanadaiwa ada. Huo ni wajibu kweli, au mbwembwe za Kizungu?*
Mama wa Makorora, Tanga

Shikamoo mama. Wajibu upo, na haukuletwa na Wazungu. Mtoto wa Makorora huijua zaka tangu chuo cha Kurani: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, ikakaa mwaka mzima wa Kiislamu. Jirani yako Mkristo ana fungu la kumi. Hicho anachofanya mwanao nacho kina wenyewe: mwaka 2009 mwanafalsafa Toby Ord alianzisha Giving What We Can huko Oxford, na wanaojiunga huahidi angalau asilimia 10 ya kipato hadi watakapostaafu. Asije tu akadhani moja imelipia nyingine. Zaka hutolewa kwenye mali iliyolala, ahadi hii hukatwa kwenye kipato hata kabla hakijalala. Nia mbili, hesabu mbili.

Paa lako ni suala jingine kabisa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani huyafuata, zaka haipewi mzazi wala mtoto wa mtoaji. Kukuezekea jiko ni matumizi yanayompasa mwanao, yatoke kwenye ile asilimia 90. Wadogo zake, ikiwa ni wahitaji na hawamo katika ulezi wake wa lazima, wanaweza kupewa zaka, naye akapata thawabu ya sadaka na ya kuunga udugu kwa pamoja. Mwambie hivyo bila haya.

Kwa nini sasa apeleke na kwa wasiojulikana? Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia humhesabu mtu kuwa fukara wa kupindukia akiishi kwa chini ya dola 3 kwa siku. Wengi hukosea hapo. Si dola ya kubadilisha dukani. Ni dola iliyosawazishwa kwa bei za kila nchi: kiasi cha kununulia hapa kile ambacho dola 3 zingenunua Marekani, na chakula, pango, nauli na dawa vyote vimo. Mtu wa namna hiyo, shilingi chache humfikisha mbali kuliko zinavyomfikisha mhasibu.

Tupige hesabu. Akitoa pauni 200 kwa mwezi kwa shirika lililosajiliwa kule, ajaze tamko la Gift Aid. Serikali ya Uingereza itaongeza peni 25 kwa kila pauni, mradi kodi ya mapato aliyolipa inatosha kufidia nyongeza hiyo. Akimtumia mtu binafsi hapati kitu. Pauni 200 zinakuwa 250, na hata tukiiweka pauni kwa dola 1.20 tu, hizo ni dola 300. Chandarua chenye dawa, hadi kimfikie mlalaji, usafiri na ugawaji humo humo, ni dola zipatazo 5. Vyandarua 60, basi. Wanaopanga ugawaji hawahesabu chandarua 1 kwa watu 2, huhesabu kwa watu 1.8, kwa sababu kaya ya watu 5 inahitaji vitatu, si viwili na nusu. Watu 108, kwa muda wa miaka kama 3.

Kinachoharibu hesabu hiyo tunakijua sote. Chandarua kikifuliwa kwa dawa ya kung'arisha nguo na kuanikwa juani, dawa huisha kabla ya wakati, nacho kimetengenezwa kustahimili mifuo 20 hivi. Kianikwe kivulini. Vingine huishia baharini kutandia uduvi. Halafu kuna usugu: mbu wengi hawashtuki tena na dawa ya zamani peke yake. Kwa hiyo mwanao aliulize shirika lake linagawa aina gani. Vyenye nyongeza ya PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu, vilithibitishwa kwa majaribio Muleba, na vyenye klofenapiri, dawa ya aina nyingine, vikathibitishwa Misungwi. Shirika lisiloweza kujibu swali hilo kwa sentensi moja, apeleke fedha kwingine.

Na wenzake wakidhani sisi ni wa kupokea tu, awatajie Korogwe na Bagamoyo. Watoto wa huko walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) iliipendekeza Oktoba 2021. Bagamoyo ikashiriki tena majaribio ya chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023. Fedha zilitoka nje, mikono iliyochomwa sindano ilikuwa ya hapa.

*Wametajirika kwa mkonge wetu. Kwa nini tuite msaada na si deni?*
Mstaafu wa mashamba, Pongwe

Mche wenyewe haukuwa wetu: Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Jasho ndilo lililokuwa letu, la watu wa hapa na la manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Songea, Njombe na Kigoma. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mzee anajua kilichofuata.

Hoja yako ina nguvu, ila inakwama kwenye swali dogo: nani mdaiwa? Mhasibu wa barua ya kwanza anaishi kwa mshahara wa Uingereza na kwao ni Makorora. Anajidai mwenyewe? Deni la namna hiyo hudaiwa serikali, na serikali zina kipimo chao. Tangu 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limezitaka nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao. Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg zimekuwa zikifika. Uingereza ilifika mwaka 2013, ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kwenda 0.3 ifikapo 2027. Jambo ambalo vijana wetu wengi kule hawalijui: Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya ubunge, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola. Mwenye dai mkononi na kura mkononi asikae kimya.

*Marafiki wa Ujerumani walituchimbia kisima cha pampu ya mkono. Mwaka wa kwanza maji matamu. Mwaka wa pili unapiga mpini mara 20 ndipo yatoke. Sasa yanatoka kidogo na yana chumvi. Tuwaandikie watuchimbie kingine?*
Katibu wa kamati ya maji, Kigombe, Muheza

Msiandike bado, katibu. Barua yako ina magonjwa mawili, na kisima kipya kando ya hicho hakitatibu hata moja.

La kwanza ni la pampu. Kama ni Afridev, aina iliyofanyiwa majaribio kwa jirani zetu wa Kwale, Kenya, miaka ya 1980, iliundwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Mpini kupigwa mara nyingi kabla ya maji kutoka maana yake maji yanarudi chini usiku: valvu ya chini, ama bobini (kizibo chake) imechakaa ama oringi (mpira wake wa duara) imekatika. Maji kidogo huku mpini ni mwepesi ni sili ya pistoni, ile yenye umbo la U. Mpini ukichezacheza na kulia, bushi za plastiki zimelika, na mkiziacha zitakula chuma chenyewe. Vitu hivyo vyote vinavutwa juu bila kung'oa bomba, kwa spana moja na ndoano ya kuvulia valvu. Sili na bushi zibadilishwe kila mwaka hata kama pampu haijalalamika. Fundi makini anamaliza asubuhi moja.

La pili ni la bahari, nalo ni zito zaidi. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya wataalamu ni 1 kwa 40: mkishusha kina cha maji matamu kwa sentimita 1, chumvi hupanda kama sentimita 40. Ndiyo maana "tuchimbe zaidi" ni ushauri mbaya kuliko yote Kigombe. Kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi kwake. Pampu ya mkono peke yake hunyonya kidogo, hivyo chunguzeni kama karibu hapo kuna mtu aliyefunga pampu ya sola au ya mashine inayovuta kutwa nzima. Pelekeni sampuli mbili kupitia RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, moja ya mwisho wa kiangazi na moja baada ya masika. Kloridi, ndiyo kipimo cha chumvi, ikizidi miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuionja. Ikipungua sana baada ya masika, kisima kinaweza kuokolewa kwa kupunguza uchotaji. Isipopungua, tafuteni mahali mbali zaidi na ufuo, kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, au vuneni mvua. Paa la shule la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,000, hutoa kama lita 80,000 baada ya kuondoa zinazopotea.

Fedha sasa, maana hapo ndipo visima vingi hufia. Sera ya maji hukadiria watu 250 kwa kituo, lita 25 kila mmoja kwa siku: ndoo 312 za lita 20. Mkitoza shilingi 20 kwa ndoo na nusu tu ya watu wakalipa, ni zaidi ya shilingi 90,000 kwa mwezi. Hiyo inanunua vipuri na kumlipa fundi, mradi iwekwe kwenye akaunti ya chombo cha watumia maji, si mfukoni mwa mweka hazina.

Baada ya hapo waandikieni Wajerumani. Waombeni vipuri vya miaka 3, mafunzo ya mafundi wawili (mmoja awe mwanamke, maana wanaume wengi hapo huwa baharini) na gharama ya kupima maji. Ni bei ndogo sana kuliko kisima. Marafiki wa kweli watafurahi. Wanaotaka picha ya uzinduzi watanuna.

*Kanisa moja la Marekani linataka kutuletea kontena la vifaa. Tupokee?*
Muuguzi wa zahanati, Bagamoyo

Vitanda na magodoro, pokeeni. Mashine, ulizeni kwanza umeme wake. Kwao ni volti 120 na hezi 60, kwetu volti 230 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti tu, haigusi hezi, yaani kasi ya mkondo kugeuka. Mota ya sentrifuji, mashine ya kuzungushia sampuli za damu, iliyotengenezewa hezi 60 inaweza kupungua mwendo kwa moja ya sita na kupata joto hadi iungue. Dawa ziwe zimebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kipatikane kabla meli haijang'oa nanga. Ulizeni pia nani atalipa bandarini. Wakijibu "tutaona", mmeshaona.

*Fedha taslimu watu si watazinywea? Na njia ipi ya kutuma ni nafuu?*
Msomaji wa Magomeni, Bagamoyo

Kwa la kwanza, Siaya nchini Kenya kaya zaidi ya 10,000 zilipewa kama dola 1,000 kila moja bila masharti. Watafiti walipofuatilia, kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo kwa karibu dola 2.5, na bei zilipanda kwa asilimia 0.1 tu. Waliouza na waliojenga, hata wasiopewa, nao walifaidi.

Kwa la pili, kutuma dola 200 kuja kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani karibu asilimia 8, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 ifikapo 2030. Anayetangaza "bila ada" mara nyingi amejilipa kwenye kiwango cha kubadilishia. Swali la kumuuliza ndugu yako ni moja: nikitoa pauni 100 leo, mama atashika shilingi ngapi baada ya wakala kukata yake? Alinganishe watatu siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.