Kabla ya kulaumu import, uliza njia inaanzia wapi

Hapa Bukavu mtu akikuelekeza nyumbani kwake atakuambia: panda mpaka kanisani, shuka kidogo, mlango wa pili. Maelekezo hayo ni sahihi, ila yana mahali pake pa kuanzia. Ukiyafuata kutoka Nguba wakati yeye alihesabu kutoka Kadutu, hutafika.

Njia za moduli (faili za msimbo ambazo faili jingine huzileta kwa amri ya import) katika JavaScript ni hivyo hivyo. './' ni folda uliyomo, '../' ni kupanda folda moja. Lakini kupanda kutoka wapi? Kwa import, ni kutoka kwenye faili lenye mstari huo. Folda ulikofungulia terminali haihusiki, wala ukurasa wa HTML.

Niliandikia duka moja la dawa huko Ibanda programu ya kuhesabu stoki. Ndani ya folda ya src kulikuwa na anza.js, hesabu.js na bei.json. Nyumbani niliingia src na kuiwasha kwa Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza: niliandika node anza.js, kila kitu kikaenda vizuri. Dukani nikaiwasha kutoka folda ya juu, node src/anza.js, na bei zote zikakosekana. Mama mwenye duka alikuwa na wateja wamesimama mbele yake. Kwa siku mbili, umeme ukikatika na kurudi, nilibadilisha import moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa sawa tangu mwanzo! Bei nilizisoma kwa readFile('./bei.json'), amri ya kusoma faili, na readFile haiangalii faili la msimbo limekaa wapi: huanzia folda ambamo amri imetolewa. Dawa yake ni hii:

readFile(new URL('./bei.json', import.meta.url))

Hapo import.meta.url ni anwani ya faili lenye mstari huo, kwa hiyo njia inaanzia hapo.

Kwenye brauza, fetch, amri ya kuleta data kutoka anwani fulani, nayo ina mwanzo wake: anwani ya ukurasa, hata ukiiita kutoka moduli iliyo ndani ya folda nyingine.

Jina tupu, kama 'express' (kifurushi cha msimbo wa watu wengine), halianzi kwa nukta wala mkwaju. Node hulitafuta katika node_modules, folda ya vifurushi, iliyo kando ya faili lako, ikikosa hupanda kwa mzazi, na kuendelea mpaka juu kabisa. Brauza haitafuti hivyo. Bila ramani ya import, yaani orodha ndani ya HTML inayosema kila jina lina anwani gani, inalikataa. Ramani hizo zinakubalika katika brauza zote kubwa tangu 2023.

Kwenye njia ya moduli inayoanza kwa nukta, andika .js mwishoni kila mara. require, amri ya zamani ya kuleta moduli, ilikuwa inakisia mwisho huo yenyewe, lakini import ya Node haikisii. Na majina ya faili yaandike kwa herufi ndogo tupu: Windows itakuachia Bei.js na bei.js kama kitu kimoja, seva ya Linux haitakuachia.

Ndugu yangu, kosa likitokea usikimbilie kubadilisha kitu. Soma ujumbe wote kwanza. Import ya faili lako ikishindwa, Node hukuandikia anwani mbili kamili: ile iliyotafutwa, na ya faili lililoomba. Ziweke moja chini ya nyingine, ulinganishe folda kwa folda.