Mpira Ulioanguka Yadi Moja Kabla ya Mstari

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimesoma kisa cha Dennis Lundy, mkimbiaji nyota wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Northwestern, aliyeangusha mpira karibu kabisa na mstari wa goli mwaka 1994 lakini hakushtakiwa hadi mwishoni mwa mwaka 1998. Ilikuwaje jambo lililoonekana na uwanja mzima lichukue miaka minne kuthibitishwa? Na kwa kuwa siku hizi takwimu za kila mchezo ziko wazi, je, mtu hawezi kuzichambua na kumtambua nyota anayepunguza pointi kwa makusudi?

JIBU: Ndugu msomaji, uwanja mzima uliona mpira ukianguka, lakini hakuna aliyeona kwa nini ulianguka. Katika mchezo huu wakimbiaji huangusha mpira kila wiki bila hila yoyote, kwa sababu kazi yao ni kupenya katikati ya watu wazito ambao wamefundishwa kuunyofoa mikononi mwao. Mpelelezi akikaa mbele ya picha ya tukio kama hilo na kuirudia mara mia, bado atabaki na mashaka yale yale aliyoanza nayo.

Kabla ya kurudi kwa Lundy, inafaa nieleze kinachouzwa katika kamari hii, kwa sababu wengi hudhani ni kupanga nani ashinde. Kamari ya michezo ya vyuo vya Marekani kwa sehemu kubwa haiulizi nani atashinda, bali atashinda kwa tofauti gani. Anayebeti ligi za Ulaya kutoka Dar es Salaam au Nairobi ameshakutana na kitu hicho kwenye mkeka wake kwa jina la hendikepu. Timu yenye nguvu ikitwishwa mzigo wa pointi 14 na nusu, ni lazima ishinde kwa pointi 15 au zaidi ndipo aliyeibetia alipwe. Ikishinda kwa pointi 10, wachezaji wake watashangilia na mashabiki watakwenda nyumbani wakiimba, lakini fedha zitakuwa zimekwenda kwa waliobeti upande wa pili. Ndiyo maana mpangaji wa njama humwendea mchezaji wa timu inayopewa nafasi ya kushinda kwa maneno laini, kwamba haombwi ashindwe, anaombwa tu ashinde kwa uchache. Kijana asiye na fedha mfukoni anaweza kujidanganya kwamba hapo hakuna aliyesalitiwa.

Kisa cha Lundy hakikuwa hivyo hasa. Yeye hakuwa akipunguza pointi za ushindi, bali alikuwa ameweka dola 400 dhidi ya timu yake mwenyewe katika mchezo na Chuo Kikuu cha Iowa mwezi Novemba 1994, na baadaye alikiri kwamba aliuachia mpira kwa makusudi kwenye yadi ya kwanza ili dau lake lisiharibike. Iowa ilishinda kwa pointi 49 kwa 13. Tofauti ilikuwa pointi 36, kwa hiyo hata kama angevuka mstari ule na kuiletea timu yake pointi saba kamili, matokeo yasingebadilika kwa namna yoyote ya maana. Mtu aliyesoma matokeo gazetini kesho yake asingekuwa na sababu ya kushuku chochote.

Mfano wa Chuo Kikuu cha Toledo unashangaza zaidi. Mkimbiaji mmoja wa timu hiyo alikuja kukiri mahakamani kwamba alipokea dola 500 kwa kuangusha mpira katika GMAC Bowl, mchezo maalumu wa kufunga msimu, uliochezwa Mobile, Alabama, mwezi Desemba 2005, dhidi ya timu ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Mpira aliuangusha kweli, lakini wenzake ambao hawakujua lolote wakacheza kwa nguvu zao zote, na Toledo ikashinda kwa 45 kwa 13. Hapa mchezo huu unatofautiana na mpira wa kikapu, ambako watu watano tu wako uwanjani na mmoja wao aweza kuzubaa katika ulinzi dakika arobaini bila mtu kumsema. Katika mpira wa Kimarekani kuna wachezaji 11 kila upande, kikosi cha kushambulia na cha kulinda ni watu tofauti, na mkimbiaji hushika mpira labda mara ishirini katika mchezo mzima. Mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuharibu ni kotabeki, yule anayepokea mpira karibu kila timu yake inaposhambulia, na hata yeye anaweza kutolewa na kocha wakati wowote akionekana yuko vibaya.

Kwa hiyo ushahidi haukai uwanjani, unakaa kwenye fedha. Wapelelezi huanza na mtu anayepokea madau ya kamari, kumbukumbu za simu, na madau makubwa yasiyo ya kawaida yanayowekwa na watu wachache katika saa za mwisho, kiasi cha kuisogeza hendikepu bila habari yoyote ya majeruhi kuwa imetoka. Hatua inayofuata ni kumpata mtu wa ndani aliye tayari kusema. Kwa Northwestern, chuo kilikwisha kumsimamisha Lundy mwaka huo huo wa 1994 kwa kosa la kubeti, lakini njia ndefu ya miaka minne ilihitajika kwa sababu kubeti ni jambo moja na kuthibitisha kwamba tendo fulani uwanjani lilifanywa kwa ajili ya dau ni jambo jingine kabisa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1964 inayohusu hongo katika michezo, yenye adhabu ya hadi miaka mitano jela, inadai kuwe na hongo na mpango wa kuivuruga mechi. Mchezaji anayebeti mwenyewe kwa fedha yake haingii humo kwa urahisi. Kwa maoni yangu ndiyo sababu Lundy na wenzake watatu walishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo walipohojiwa kuhusu kamari. Upande wa mashtaka ulishika pale palipokuwa na mpini.

Sasa nije kwenye takwimu, ambako naona msomaji ana matumaini makubwa kuliko hali inavyoruhusu. Timu ya chuo hucheza michezo 12 katika msimu wa kawaida. Tuseme hendikepu imepangwa vizuri, hivyo kila mchezo timu ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kuufikia mzigo wake. Uwezekano wa kushindwa kuufikia mara tisa au zaidi kati ya 12, kwa bahati tupu, ni takriban asilimia 7.3. Daraja la juu la vyuo lina timu zaidi ya 130. Maana yake kila msimu timu tisa au kumi zitaonekana za kutiliwa shaka ilhali hakuna mtu aliyepokea hata senti. Ukimnyooshea kidole nyota wa mojawapo ya timu hizo kwa hesabu hiyo peke yake, utakuwa umepiga ramli.

Data nyingi zaidi hazitatui tatizo hilo moja kwa moja. Mwaka 2006 mchumi Justin Wolfers alichapisha uchambuzi wa zaidi ya michezo 44,000 ya mpira wa kikapu wa vyuo, akaona kwamba timu zinazopewa nafasi kubwa sana hushinda kama ilivyotarajiwa lakini hukosa kuufikia mzigo wao mara nyingi kidogo kuliko inavyostahili, naye akalihusisha pengo hilo na kupunguza pointi. Wachambuzi wengine wakajibu kwamba pengo kama hilo hutokea hata pale ambapo hakuna kishawishi cha rushwa, kwa kuwa kocha anayeongoza kwa pointi ishirini huwapumzisha nyota wake na kuwaingiza wa akiba. Mimi naegemea upande wa waliojibu, ingawa nakubali kwamba swali la Wolfers lilikuwa zuri. Vyovyote iwavyo, uchambuzi wa aina hiyo huzungumzia michezo kwa maelfu na hauwezi kumtaja mtu.

Kwa upande mwingine, msomaji asidhani kwamba njia ya fedha nayo imenyooka. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipobatilisha mwaka 2018 sheria iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, madau yamehamia kwenye simu, na kila simu huacha alama ya mahali ilipotumika. Mwaka 2023 wapelelezi wa jimbo la Iowa walitumia teknolojia ya kampuni moja ya kutambua mahali simu ilipo, wakafuatilia kamari iliyokuwa ikichezwa kwa simu ndani ya majengo ya wanamichezo wa vyuo viwili vikubwa vya jimbo hilo, bila hati ya mahakama. Baadhi ya wachezaji walikubali makosa madogo na kulipa faini. Wengine wakapinga kupitia mawakili wao, na mwezi Machi 2024 mwendesha mashtaka akaomba mashtaka dhidi ya wanne yafutwe, kwa sababu teknolojia hiyo ilikuwa imetumiwa kupita mipaka iliyoruhusiwa. Mmoja wa wanne hao alikuwa mchezaji wa kikosi cha kulinda cha Iowa State, mojawapo ya vyuo hivyo viwili, aliyekuwa akituhumiwa kubeti kwamba timu yake mwenyewe ingefungwa, na tuhuma hiyo haikufika hatua ya kusikilizwa.