Kupanua pete ya fedha na bezeli iliyobana: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba pete yako ya fedha ya 925 (yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi), yenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1.8, imetoka na mzunguko wa ndani wa milimita 54 ilhali kidole cha mteja kinataka 56.5, na kwamba bezeli, yaani ukuta mwembamba wa utepe wa fedha unaolizunguka na kulishika jiwe, uliyoikunja kwa ajili ya tanzanaiti ya umbo la yai, milimita 10 kwa 8, inakataa kupokea jiwe kwa tofauti ndogo sana. Bezeli hiyo bado hujailehemu juu ya pete. Unauliza kama vyote viwili vinaweza kupanuliwa au ukate uanze upya. Kwa vipimo ulivyovitoa, vyote viwili vinapanuka, ila kwa njia tofauti.

Urefu unaouongeza kwenye mzunguko hautoki hewani, bali unatolewa kwenye unene na upana wa chuma kilichopo, yaani fedha yenyewe ya pete. Ukipima mzunguko wa katikati ya unene, pete yako ina takriban milimita 59.7, kwa hiyo nyongeza ya milimita 2.5 ni kama asilimia 4. Upana ukibaki ulivyo, unene utashuka kutoka 1.8 hadi karibu 1.73, kisha tupa, msasa na kung'arisha vitakula kidogo zaidi. Hilo linavumilika. Nyongeza hiyo ni sawa na namba moja ya saizi za pete za Kimarekani, nami hapo ndipo ninapoishia. Mteja akitaka zaidi, au pete ikiwa na unene wa milimita 1.2 tu, naikata na kulehemu kipande.

Kabla ya kugonga chochote, pima unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kuizunguka pete nzima, wala usitegemee jicho. Hii ni muhimu zaidi kwa pete zilizokwisha kuvaliwa miaka mingi, kwa sababu upande wa kiganja husagika kuliko upande wa juu. Mashine ya kupanulia, ile yenye vipande vya chuma vinavyosukumwa nje na koni, huivuta pete yote kwa pamoja, na chuma kinachovutwa hurefuka kwanza pale kilipo dhaifu, yaani kwenye sehemu nyembamba au kwenye mshono wa lehemu. Ndiyo maana pete inaweza kufikia namba inayotakiwa huku upande wa kiganja ukiwa umebaki mwembamba mno. Mashine hiyo ninaitumia kwa pete mpya za unene ulio sawa, tena kwa kuigeuza pete kidogo baada ya kila mkandamizo, la sivyo nafasi zilizo kati ya vile vipande huacha alama ndani na mviringo huanza kuwa na pembe.

Kwa pete yako ningechagua nyundo, kwa kuwa nyundo inapanua pale unapotaka wewe. Kwanza ilainishe kwa moto. Ipake boraksi (dawa ya kuikinga fedha isichafuke motoni), izungushie moto laini hadi fedha ianze kuonyesha wekundu hafifu ukiwa mahali penye kivuli, takriban nyuzi 600 hadi 650 za Selsiasi, na usizidishe, kwa maana fedha ya 925 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 hivi na lehemu huyeyuka kabla yake. Wasiokuwa na uzoefu wa kusoma rangi huchora mstari kwa kalamu ya wino mzito juu ya chuma, na mstari ukitoweka huondoa moto. Wekundu ukiisha, zamisha majini, kisha safisha kwa tindikali hafifu na suuza. Ukiwa hapo, angalia mshono: moto huufanya uonekane kama mstari wa rangi tofauti, na ukiona vitundu au ufa, lehemu upya kabla ya kuendelea.

Funga fimbo ya chuma ya kupimia pete kwenye jiriwa, vika pete, isukume hadi ikae imara, kisha gonga kwa nyundo ya chuma yenye uso uliong'arishwa. Nyundo ya mbao au ya ngozi huinyoosha pete iwe duara, lakini haisambazi chuma, na wengi wanaolalamika kwamba pete haipanuki wanatumia hiyo. Mapigo yawe mepesi, yanayopandana nusu kwa nusu, huku ukiizungusha pete, na kila baada ya mzunguko mmoja igeuze uso kwa uso, kwa kuwa fimbo ni nyembamba upande mmoja na bila kugeuza utapata pete yenye mdomo mmoja mpana kuliko mwingine. Sikiliza pia: pete iliyogusana vizuri na fimbo hutoa mlio mkali, na iliyoachia hutoa mlio wa debe. Nyundo ikianza kurudishwa na chuma na pete ikiacha kushuka kwenye fimbo, fedha imekuwa ngumu, irudishe motoni. Simama kabla kidogo ya kipimo, kwa sababu kusafisha upande wa ndani kwa msasa nako huongeza mzunguko.

Kama pete ina nakshi upande wa juu, gonga nusu ya chini tu, lakini fanya hesabu upya: milimita 2.5 zikitoka kwenye takriban milimita 30 za chuma ni zaidi ya asilimia 8, na unene wa 1.8 utashuka karibu na 1.66.

Sasa bezeli. Kabla ya kuilaumu kwamba ni ndogo, tazama pembe za ndani, hasa ikiwa umekwisha kuilehemu kwenye bamba lake. Mara nyingi kinachozuia jiwe ni lehemu iliyojikusanya chini ya ukuta, na jiwe lenye ukingo mkali wa chini hukaa juu yake likiyumba. Hapo dawa ni kukwangua lehemu, au kutanguliza bamba dogo la fedha ndani ili jiwe liinuke, wala si kupanua.

Ikiwa ukuta bado uko peke yake na kweli unabana, kazi ni ndogo. Kwa jiwe la 10 kwa 8 na utepe wa milimita 0.3, mzunguko wa katikati ya utepe unaotakiwa ni karibu milimita 29.3, na nusu milimita ya utepe ni sawa na takriban milimita 0.16 tu za upana wa nafasi. Lainisha ukuta kwa moto, ukiwa mwangalifu kwa kuwa wembamba huo huyeyuka kwa kufumba na kufumbua, uufanye duara, uvike kwenye fimbo nyembamba ya duara, kisha iviringishe fimbo juu ya bamba la chuma kwa kuikandamiza, ukigeuza ukuta pande zote mbili. Sigongi ukuta wa 0.3, kwa sababu pigo moja linaacha bonde. Baada ya hapo minya urudi umbo la yai. Kinachohesabika ni mzunguko, si umbo. Mshono ukifunguka, kunja utepe mwingine, kwani gharama yake ni ndogo kuliko muda wa kuubembeleza.

Unapojaribu jiwe, tanguliza uzi wa kusafishia meno chini yake ili uweze kulitoa. Linatakiwa kuingia bila kusukumwa wala kucheza. Tanzanaiti hupasuka kirahisi kufuata tabaka zake na haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto, kwa hiyo isiwepo kabisa wakati wa moto au nyundo. Maliza kupanua pete, ndipo ulehemu bezeli juu yake, kwa sababu ukianza na bezeli kisha ukapanua, mkunjo wa pete hubadilika chini ya bamba na mshono wao huvutwa. Na kwa pete iliyokwisha kuwekwa jiwe usipanue hata kidogo: toa jiwe, kata nyuma, ongeza kipande.