Anza na wakulima kabla ya picha: tulivyojifunza kwenye mikorosho ya Newala

Ndugu uliyeuliza kama ukusanye kwanza picha za majani za kuifundishia akili mnemba kutambua magonjwa ya mimea ndipo uwafuate wakulima, nakusihi uanze na wakulima, kwa sababu mimi na wenzangu tulianza na picha tukapoteza msimu mzima.

Tulikuwa tukitengeneza programu ya simu ya kutambua ubwiriunga wa mikorosho, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua na majani kwa unga mweupe, kwa akili mnemba. Ilipofanya vizuri mezani Mtwara mjini, tulipanda nayo Newala mwezi wa saba, mikorosho ikiwa kwenye maua. Mama mmoja alitusikiliza hadi mwisho, kisha akachuma shada la maua, akalisugua kwa dole gumba na kutuonyesha unga mweupe uliobaki kidoleni. "Ugonjwa huu naujua, wanangu. Niambieni kama kesho alfajiri upepo utatulia, maana salfa ikipeperushwa, hela yangu imekwenda." Salfa ya unga, dawa ya ugonjwa huu, hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado umeshika majani na upepo umelala, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo swali la mama yule lilikuwa la siku na saa.

Fikra za usanifu (design thinking), yaani njia ya kubuni kitu kwa kuanza na mtumiaji wake, kama zinavyofundishwa Chuo Kikuu cha Stanford, zina hatua tano: kumwelewa mtumiaji, kubainisha tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza mfano na kuujaribu. Sisi tuliruka ya kwanza, na kwa hiyo tatizo tulilobainisha lilikuwa letu wenyewe.

Tuliporudi Newala hatukuandika programu yoyote. Mmoja wetu alijibu maswali kwa simu mahali pa mashine, wakulima wakijua wazi kuwa ni mtu. Hapo tuliona kwamba simu janja ya nyumbani mara nyingi anayo kijana, ilhali anayeamua lini salfa ipulizwe ni mzazi, naye hupenda kusikia kuliko kusoma. Tuliona pia kwamba wanastahimili kuambiwa "sina hakika, muone afisa ugani", lakini hawasamehi jibu la kujiamini lililowapotezea salfa, nami naona wana haki kabisa.

Itazame pia Nuru, programu ya mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, ya kutambua magonjwa ya mihogo, ambayo hufanya kazi ndani ya simu bila intaneti. Shambani mtandao ukikatika, msaada haukatiki.

Picha utazihitaji baadaye. Zipige kwa simu za wakulima wenyewe, hata zenye kioo kilichopasuka, tena kwenye mwanga wa saa wanazokuwa shambani.