Maswali yenu: Sanduku, taya la punda na watu weusi wa Peru

Dada habari ya kazi. Nimetumiwa klipu watu weusi kabisa wanaimba Kispanyola, mmoja kakalia boksi analipiga kwa viganja, mwingine kashika kitu kama mfupa wenye meno. Wameandika Peru. Mi najua Peru ni milima na wale wenyeji wa asili, hawa weusi wametokea wapi? Na lile boksi si la Wahispania? Mwalimu wangu wa gita aliniambia ni la flamenko. (Msomaji, Mwanza)

Salama ndugu yangu. Hao ni Waperu wa siku nyingi sana. Wahispania walipoiteka Peru karne ya 16 walikuja na Waafrika watumwa, na biashara ikaendelea miaka na miaka, watu wanashushwa Cartagena, wanavushwa Panama, wanapakiwa tena meli kwenda Callao, bandari ya Lima. Wengine wakabaki mjini kwenye majumba ya matajiri, wengine wakapelekwa kwenye mashamba ya miwa, zabibu na pamba huko pwani, Chincha, Cañete, Zaña. Utumwa ulifutwa 1854 chini ya Rais Ramón Castilla. Kwenye sensa ya 2017 zaidi ya watu laki nane walijitaja kuwa na asili ya Afrika, kwa hiyo siyo vijitu viwili vitatu.

Sasa boksi. Linaitwa cajón na ni lao, hapo sitanii. Wanaosimulia wanasema lilitokana na makreti ya mizigo bandarini na mashambani, maana ngoma za kuwamba ngozi wakubwa na kanisa walikuwa wanazipiga vita. Mbele kuna ubao mwembamba, nyuma tundu, unakaa juu yake unapiga, katikati linatoa besi na ukingoni linalia kali. Watu wa flamenko, ule muziki wa Hispania, walilipata juzi tu, mwishoni mwa miaka ya 70, Paco de Lucía, mpiga gita wao maarufu, alienda Lima, akamsikia Caitro Soto, mwanamuziki mweusi wa Peru, analipiga, akaondoka nalo kwenda Hispania. Mwambie mwalimu wako kwa heshima. Peru yenyewe ilitangaza cajón kuwa urithi wa taifa mwaka 2001. Na huo mfupa ni taya la punda limekaushwa mpaka meno yanalegea, ukiligonga linatetemeka lote, ukikwaruza meno kwa kijiti unapata sauti nyingine. Kuna na kisanduku kidogo chenye kifuniko, kinavaliwa shingoni, kimefanana na visanduku vya sadaka kanisani. Yaani watu waliponyang'anywa ngoma walipiga chochote kilichokuwa karibu.

Je, hao ni ndugu zetu wa pwani ya huku? (Tanga)

Wengi walitoka Senegambia, Kongo na Angola. Kuna waliotoka Msumbiji pia ila ni wachache, kwa hiyo usiutafute mdundo wa Tanga mle.

Nimesoma kwamba hizi ngoma "zilitungwa upya" miaka ya 50 na 60. Basi ni feki? (Nairobi)

Hapana, na hili swali linaniuma kidogo kwa sababu watu wanalisema kirahisi sana. Mpaka karne ya 20 inafika katikati nyimbo nyingi zilikuwa zimebaki vipande, mzee mmoja anakumbuka ubeti, mwingine hatua mbili za kucheza, vijana wengi wanaona aibu. 1956 José Durand, msomi wa Peru, akaunda kundi la Pancho Fierro likapanda jukwaani Lima, jina ni la mchoraji wa karne ya 19 ambaye picha zake zinaonyesha weusi wa Lima wakicheza na yale mataya. Alafu wakaja ndugu wawili, Nicomedes Santa Cruz mshairi na dada yake Victoria, wakakusanya, wakaandika, wakafundisha, na pale palipokuwa na pengo Victoria alijaza kwa kile alichokiita kumbukumbu ya mababu iliyomo mwilini. Nicomedes aliamini landó, mmoja wa midundo yao, imetokana na lundu, ngoma ya Angola, wataalamu wengine wamempinga, sawa, wabishane. Lakini aliyevunjiwa nyumba akaijenga tena kwa matofali yaleyale na mengine mapya, utamwambia hana kwao?

Na siyo kila kitu kilikatika. Kule El Carmen, Chincha, wakati wa Krismasi watoto kwa wakubwa wanapita na hatajo de negritos, ngoma yao ya sikukuu, wanapiga miguu chini kwa fidla na vikengele, ukoo wa Ballumbrosio unajulikana sana kwa hilo. UNESCO waliiweka kwenye orodha yao 2019.

Nianze kusikiliza nani? (Dar)

Anza na Susana Baca, ana sauti ya taratibu, na alishawahi kuwa Waziri wa Utamaduni wa Peru mwaka 2011. Kisha Perú Negro, kundi la Ronaldo Campos lililoanza 1969, hao ndio wa festejo, ule mchezo wa haraka wa viuno. Mwimbaji Eva Ayllón naye usimwache. Ukipata video tafuta mchezo unaoitwa alcatraz, mchezaji kafunga karatasi kiunoni kwa nyuma, mwenzie anamfuata na mshumaa unaowaka anataka kuichoma, na anayefukuzwa anatakiwa azungushe kiuno moto usishike. Weka spika yenye besi nzuri, kwenye simu peke yake cajón inapotea.