Kiwanja cha kanisa, ndoto ya mama muzee na vipimo vya injeniere: tumusikilize nani?

SWALI: Bwana asifiwe pasta. Niko muandishi wa komite ya ujenzi katika kanisa letu huku Kadutu, Bukavu. Tulipata kiwanja kwenye muteremko na pasta wetu alisema mbele ya kanisa yote kama Mungu amemuonesha ni hapo. Kuna mama muzee wa chumba cha maombi, hakusoma, alisimama akasema tusijenge upande wa chini juu zamani maji ilikuwa inatoka pale, na tena ameota ndoto kuta zinapasuka. Ndugu mumoja wa korale ni injeniere, yeye anasema kabla ya yote wachimbe wapime udongo, lakini inaomba feza na wazee wengine wanasema huko ni kukosa imani. Halafu vijana wawili wenye walisoma teolojia wanasema ndoto haiko Neno la Mungu na mutu asiyejua kusoma hawezi kushauri komite. Mi nimechoka kuandika ripoti za mabishano. Pasta, ndani ya kanisa ni maarifa ya nani njo inapita zingine?

JIBU: Asifiwe sana dada yangu. Pole na hizo ripoti, najua vile komite za ujenzi zinakuwaka, mutu anaingia na Biblia mukononi anatoka na kisirani.

Nikujibu kwanza kisha nieleze. Hakuna moja yenye inapita zingine kwa kila jambo. Neno la Mungu liko juu yetu sisi wote, hiyo sibishani na hao vijana, lakini Neno halitakuambia kama udongo wa kiwanja chenu unateleza ao hapana, na ni Neno lenyewe linatutuma kwa wenye wanajua. Soma Luka 14, Yesu anauliza ni nani kati yenu akitaka kujenga munara hakai kwanza chini ahesabu gharama. Hakusema afunge siku tatu (kufunga ni kuzuri, mi pia nafunga), alisema akae chini ahesabu. Sasa huko kwenu watu wane wanasema juu ya vitu vinne tofauti, na komite inawasikiliza kama vile wanapigania kiti kimoja.

Nikawie kidogo kwa mama muzee juu hapo njo naona shida kubwa. Yeye alisema vitu viwili kwa pumzi moja, nyinyi mukavikamata kama kitu kimoja. Cha kwanza ni kumbukumbu: zamani maji ilikuwa inatoka upande wa chini. Cha pili ni ndoto. Vijana wakasikia neno ndoto wakafunga kitabu, na kumbukumbu ikaenda nayo kwenye takataka, na hiyo kumbukumbu ndiyo ilikuwa kitu cha kupimwa wiki ileile bila feza yoyote. Mushuke na mama mpaka pale aoneshe kwa kidole. Mwezi wa saba kukiwa jua kali, muangalie ni wapi majani inabakia mabichi na wapi matete inaota, ni wapi mutu akikanyaga mguu unaingia. Muulize majirani wa chini kama milango yao inakataaka kufunga kisha mvua nyingi, kama nyufa zenye walifunga na simenti zinafunguka tena mwaka wenye unafuata, kama miti na nguzo zimeanza kulala. Mutu yeyote mwenye amejenga kwenye milima ya Bukavu anajua hizo alama, na wanawake ndio wanazijua zaidi juu wao njo walikuwa wanashuka na bido kutafuta maji na wanapanda na mihogo mgongoni. Mji huu wakoloni waliuita Costermansville na waliupanga kwa watu wachache, leo watu wamepanda mpaka kwenye miteremko yenye zamani hakuna aliyethubutu kulala, na ule muzee aliuona mulima mbele nyumba ziufunike. Injeniere wenu mwenye ako kijana hakuuona.

Na niseme kitu chenye pengine hakitapendeza sisi watumishi. Kwa nini mama aongeze ndoto? Sisemi alidanganya, siwezi kuhukumu ndoto ya mutu. Lakini katika makanisa yetu mengi mama wa chumba cha maombi akisimama na kusema "mi nakumbuka", watu wanaangalia saa, akisema "nimeoneshwa", wanamupa dakika tano na mwingine anaanza kulia. Tumewafundisha sisi wenyewe kama maarifa yao ya kawaida, ya shamba, ya kuzalisha, ya kulea, ya kuishi mahali pamoja miaka mingi, haina mulango wa kuingilia kanisani isipokuwa ikivaa nguo ya unabii. Kisha tunashangaa unabii umekuwa mwingi.

Juu ya ndoto yenyewe, Paulo aliandikia Wathesalonike wasimuzime Roho, wasitweze unabii, na palepale akaongeza "jaribuni mambo yote; lishikeni lililo jema". Yeremia 23 naye anasema nabii mwenye ndoto aseme ndoto yake na mwenye Neno aseme Neno kwa uaminifu, makapi si ngano. Kwa hiyo ndoto isikiwe, iombewe, lakini isipigiwe kura na isisimamishe kazi peke yake. Udongo ukipimwa ukaonekana muzuri, mama asiitwe nabii wa uongo wala asitolewe chumba cha maombi. Na mi sioni kama kuna shida yoyote Mungu akimukumbusha mutu usiku kitu chenye alikuwa anakijua muchana.

Sasa hao vijana. Nafundisha vijana kama wao na nawapenda, na wako na haki kwa neno moja: ndoto haiko Maandiko. Kwingine wameteleza. Wasome 2 Wafalme 22. Hekalu liko linatengenezwa, kuna maseremala na wajenzi na feza ya kuhesabu, ni shantié kabisa, mahali pa ujenzi kama penu, na ndani ya ile kazi kuhani mukuu Hilkia anaokota kitabu cha torati. Shafani muandishi anakisoma mbele ya mufalme Yosia, mufalme anararua nguo yake, kisha anawatuma hao wakubwa wote, kuhani mukuu na muandishi pamoja, waende kumuuliza Bwana, na wao wanaenda kwa mwanamuke mumoja anaitwa Hulda, bibi wa mutunza mavazi. Kitabu wako nacho mukononi na kusoma wanajua, na bado wakaenda. Biblia haisemi Hulda hakusoma, kwa hiyo nisimutumie vibaya. Lakini Matendo 4 inasema wazi kama Petro na Yohana walionekana mbele ya baraza ni watu wasio na elimu, na ndio wenye tunahubiri maneno yao leo na diploma zetu ukutani. Na Apolo wa Matendo 18, mutu wa Aleksandria, musemaji hodari katika Maandiko, alikubali kuingizwa nyumbani na Prisila na Akila, watu wa kushona mahema, wakamueleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Apolo hakuwauliza walimaliza fakilte gani.

Wasielewe kama nadharau masomo, hapana. Mutu mwenye amesoma vizuri anatukinga na mengi, anaweza kutuambia mustari huu unasema nini na hausemi nini, na Kivu hii imeona watu wakipoteza mali yao yote juu ya "Bwana amesema" ya mutu mumoja mwenye hakuna aliyemupima. Hiyo kazi ya kupima ni ya hao vijana, waifanye. Lakini waifanye kwa wote, si kwa mama peke yake.

Na hapo nafika kwa pasta wenu, nitaongea na heshima juu ni mutumishi mwenzangu. Alisema Mungu amemuonesha ni hapo. Inaweza kuwa kweli. Lakini nauliza, mbona ndoto ya mama ilipimwa siku ileile na maono ya pasta haikupimwa na mutu? 1 Wakorinto 14 inasema manabii waseme wawili ao watatu na wengine wapambanue, haikutoa pasta inje. Na kuna mufano unafanana na wenu sana, 2 Samweli 7: Daudi anataka kumujengea Mungu nyumba, anamuambia nabii Nathani, Nathani anamujibu palepale fanya yote yaliyo moyoni mwako, Bwana ako pamoja nawe. Usiku uleule Mungu anamurudisha Nathani na jibu lingine. Nathani alikuwa nabii wa kweli, hakuacha kuwa nabii, alisema tu haraka juu ya ujenzi. Tena ata kama Mungu ametoa kiwanja, hakusema mujenge upande gani wala musingi ushuke mita ngapi, hiyo ni maswali ingine na iko na watu wake.

Mutu wake ni injeniere. Kutoka 31 inasema Mungu alimujaza Bezaleli Roho yake apate hekima na ujuzi wa zahabu, wa mawe, wa mbao. Roho uleule wa chumba cha maombi, dada. Kwa hiyo wazee wakisema kupima udongo ni kukosa imani, waulize basi Bezaleli alikosa nini. Tunahubiri Matayo 7, nyumba juu ya mwamba, kila mwaka, na hakuna mwenye anauliza mwamba uko wapi chini ya kiwanja chetu sisi!

Tarehe 3 mwezi wa pili 2008 ilikuwa siku ya Mungu, siku ya ibada, tetemeko la ardhi likapiga Bukavu na ngambo kule Rusizi, na kule Rwanda kanisa liliangukia waabudu wakafa. Hawakukosa imani, walikuwa wanaomba. Yesu alishasema juu ya wale 18 wenye munara wa Siloamu uliwaangukia kama hawakuwa wakosefu kupita wengine wa Yerusalemu, kwa hiyo tusianze kutafuta zambi ya wafu. Na mwezi wa tano 2023 huko Kalehe, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, maji na matope ya mulimani ilibeba watu zaidi ya 400, wakristo wengi ndani yao. Mwenye anaishi Kivu na anasema udongo hauna neno la kutuambia, sijui anaishi Kivu gani.

Ila injeniere naye ako na mupaka wake. Anaweza kuwaambia udongo utabeba nini. Hawezi kuwaambia, kwa cheti chake, kama feza iende kwa ukuta ao kwa wajane kwanza, wala kama kanisa libakie karibu na maskini wenye wanakuja na miguu. Hapo ako na sauti moja kama mushirika mwingine yeyote. Na wataalamu wanakosea pia. Matendo 27, Paulo aliwaonya wasisafiri, lakini akida wa askari aliamini nahoza na mwenye meli kuliko Paulo, wakapoteza meli. Watu wanapendaka kuhubiri hapo kama imani ilishinda ufundi, mi naona tofauti kidogo: Paulo alikuwa ameshavunjikiwa meli mara tatu, ameandika mwenyewe katika 2 Wakorinto 11, bahari alikuwa anaijua kwa mwili wake. Na baadaye wanamaji walipotaka kutoroka, ni Paulo uleule mwenye alisema hawa wasipobaki ndani hamutaokoka. Malaika alikuwa ameshamuhakikishia hakuna atakayekufa, na bado alitaka mabaharia wabaki melini.

Basi fanya hivi, wewe kama muandishi, maana uko na nguvu kuliko unavyofikiri. Kwenye ripoti uache kuandika nani alishinda. Andika kila mutu alisema nini na alikijua namna gani: aliona, alikumbuka, alipima, alisoma, ameoneshwa. Usiandike "mama ameota", andika mama anasema maji ilikuwa inatoka hapa, halafu kwa mustari mwingine, pia ameota. Ukiandika hivyo wazee wenyewe wataona ni maneno gani inaweza kuhakikishwa na jembe na gani ni ya kuombea. Feza ya vipimo ikikosekana, muulize injeniere kazi ndogo yenye inawezekana, korale ichimbe mashimo kwa mikono yao na yeye aangalie, juu shimo la mita mbili lenye limejaa maji asubui linasema mengi bila laboratware. Aangalie pia maji ya mabati itaenda wapi, paa kubwa bila mufereji inamwaga maji yote kwa jirani wa chini. Kwa pasta uende na wazee wawili, si mbele ya kanisa, na 2 Samweli 7 mukononi. Akikataa kabisa, iko wakubwa wa kominote yenu juu yake, mupeleke ripoti huko, musivunje kanisa kwa kiwanja.

Na kama mashimo ikionesha maji, musimusimamishe mama atoe ushuhuda wa ndoto halafu akae. Mumuulize tena ni wapi kwingine maji ilikuwa inatoka zamani, juu wale majirani wa chini wanalala pale na watoto, na wao hakuna komite inawakalia.